Rafu ya Mzee Ambakisye

Mzee Ambakisye Mwalwisi alinyoosha kidole hewani, akagusa alama ya kiatu ambayo yeye peke yake aliiona, na papo hapo mikono yake ikakumbuka. Akafunga kamba za kiatu cha kulia, kisha za kushoto, fundo safi la mwalimu aliyezoea kukagua wanafunzi mstarini. Akagusa alama ya kikombe, akamimina chai bila kumwaga hata tone.

Halafu akagusa alama ya tatu, yenye maneno "Mke wangu". Hapakutokea kitu. Akagusa tena. Mwishowe akamgeukia mwanamke aliyekaa naye kwenye kochi, akamwuliza kwa adabu, "Samahani, nesi. Mwenye nyumba hii amekwenda wapi?"

"Unaona mwenyewe, mwanangu," yule mwanamke, mkewe Bi Atuganile, alimwambia fundi. "Leo siku ya tatu. Jana alinifungia mlango, akasema halali nyumba moja na mwanamke asiyemjua."

Subilaga alikuwa fundi wa vikumbushi katika jiji la Mbeya, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kikumbushi kilikuwa kidude kidogo kama punje ya mtama, kikipandikizwa nyuma ya sikio la mtu aliyeshikwa na maradhi ya usahaulifu. Mambo mepesi, kama kufunga kamba na kumimina chai, yalikaa ndani ya punje yenyewe. Mambo mazito, ndoa, watoto, misiba, hayakuenea humo. Hayo yalihifadhiwa katika Ghala lililochimbwa chini ya mlima Loleza, kila mgonjwa na rafu yake. Alama aliyoiona mgonjwa mbele ya macho ilikuwa njia ya mkato tu. Haikubeba kitu; ilijua tu mahali kitu kilipo.

"Shikamoo, baba," Subilaga alisema. "Naomba nikuguse sikio."

"Marahaba. Guseni tu, wote mnagusa."

Akafungua kompyuta yake mapajani, akaiunganisha na punje. Ujumbe ukajitokeza: *Njia ya mkato ipo. Inakoelekeza hakuonekani.* Hilo halikumtisha. Mara nyingi njia ya mkato huharibika yenyewe, basi unaifuta na kutengeneza nyingine. Alifanya hivyo. Ujumbe ukawa uleule. Akaikagua rafu. Kwenye kikumbushi cha mzee, rafu iliunganishwa kwa herufi K, na sasa herufi hiyo ilikuwa na mkasi mwekundu juu yake, ishara ya kukatika.

"Nimeiona," alisema, na sauti yake ikachangamka. "Juzi zahanati iliwawekea wagonjwa huduma mpya ya kukumbusha dawa, nayo imechukua herufi K. Vitu viwili haviwezi kukaa kiti kimoja. Nitaihamishia rafu ya mzee kwenye herufi T."

Bi Atuganile alifumbata mikono. Subilaga akaandika anwani ya rafu, akathibitisha ruhusa, akabonyeza. Mkasi mwekundu ukatoweka.

"Imekubali?"

"Imekubali, mama."

Akaifungua rafu. Ndani yake hamkuwa na kitu.

Alidhani amekosea anwani. Akaisoma tarakimu kwa tarakimu, akaiandika upya, akakuta utupu uleule. Ndipo akafungua daftari la Ghala, lile ambamo kila tendo huandikwa pamoja na jina la aliyeliidhinisha. Rafu ilikuwa imesafishwa juzi, pamoja na nyingine mia mbili na kumi na moja. Sababu: *hazina mwenyewe*. Aliyeidhinisha: Subilaga Mwakibete.

Alikumbuka. Orodha ilimfikia akiwa anakula maandazi ofisini. Mashine ya usafi ilikuwa imepita ghalani saa tisa usiku, ikahesabu kila rafu isiyounganishwa na mtu, na yeye akaweka kidole kuidhinisha bila kusoma. Hakujiuliza swali ambalo hata mwanafunzi wa ufundi angejiuliza: saa tisa usiku, mgonjwa akiwa usingizini, kikumbushi nacho hulala, na kila rafu huonekana imekatika.

"Mbona umenyamaza?" Bi Atuganile aliuliza.

Angeweza kusema mtambo umekufa. Nani angejua?

"Mama, kumbukumbu za mzee zimefutwa. Hazirudi. Na aliyeidhinisha zifutwe ni mimi."

Bi Atuganile alimgeukia. Hakupiga kelele. "Ulikuja hapa ukijua?"

"Hapana. Nimejua sasa hivi."

"Miaka arobaini na sita," yule mama alisema taratibu. "Na wewe uliizima kwa kidole."

Subilaga akalifunga daftari la Ghala.

Mzee alikuwa akinywa chai, akiwatazama kama mgeni anayesubiri watu wamalize mambo yao. Bi Atuganile akauliza, "Binti yetu Lugano ana rafu yake. Aliogopa kurithi maradhi haya, akaweka kumbukumbu za utotoni mwake mapema. Mimi nimo humo?"

"Umo, mama. Lakini mzee ataona alichokiona Lugano. Kumbukumbu haimwambii mtu kwamba si yake."

"Nitakuwa mtu anayemfahamu?"

"Ndiyo."

Lugano alipigiwa simu huko Tunduma. Alilia, kisha akakubali. Subilaga akaielekeza njia ya mkato ya mzee kwenye rafu ya Lugano.

Mzee akagusa alama. Uso wake ukafunguka kama dirisha. Alimtazama Bi Atuganile, macho yakamjaa machozi ya furaha.

"Mama!" alisema.

Bi Atuganile alisubiri amalizie, amwite Mama Lugano kama siku zote. Hakumalizia. Alimlalia mapajani, mvi zake zikatandaa juu ya kitenge, akasema, "Mama, nimeanguka. Goti linauma."

Mkono wa Bi Atuganile ulisita hewani, kisha ukashuka kichwani pake.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Pole. Itapona."

Hakumtazama fundi tena. Subilaga alikusanya vifaa vyake, akatoka bila kuaga, kwa kuwa hakujua angeaga vipi. Barabarani aliandika taarifa ya kilichotokea, akatia jina lake, akaituma kwa wakubwa. Halafu akafungua orodha ya rafu zilizosafishwa. Jina la pili lilikuwa la mwanamke wa mtaa uleule, nyumba ya nne.

Mwanamume wa makamo alimfungulia kabla hajabisha mara ya pili.

"Afadhali umekuja, fundi! Mke wangu hawatambui watoto tangu juzi. Ni kitu kidogo tu, eti?"

"Naomba tukae kwanza, kaka," Subilaga alisema.