Utepe Haujui Kudanganya

Kila Jumamosi asubuhi, Mshale aliokota pini chini ya cherehani ya bibi yake. Jina hilo alilipata kwa mbio. Akishafika, kivuli chake hufuata nyuma kikihema! Lakini wiki hiyo aliyehema ni yeye mwenyewe. Mazoezini aliachwa na kila mtu, mwalimu akamwonya, "Jumatatu ukiendelea hivi, nafasi yako kwenye timu nitampa mwingine."

"Simama wima nikupime fulana ya mbio," bibi alisema. Akazungusha utepe, akakunja uso. "Ajabu! Mabega yamepanuka, mikono imerefuka, kifua ndicho kilichogoma? Umefunga nini humo, mjukuu wangu?"

Machozi yakamlengalenga Mshale. Akafungua kitambaa alichojifunga kifuani. "Wenzangu wananiita Mama Mdogo, bibi. Nina miaka kumi tu! Dada ana kumi na mbili, bado kama rula."

"Rula mwenyewe!" dada alidakia kutoka mlangoni.

Bibi akacheka, akateremsha daftari la vipimo alilolitunza tangu ujana. Mama yao, miaka kumi: kifua kimeongezeka inchi mbili kwa muhula mmoja. Shangazi yao, aliyekulia mtaa huo huo: hadi kumi na mbili, kifua bado hakijaongezeka.

Mshale akasahau kulia. "Kumbe mimi nimemfuata mama, dada kamfuata shangazi?"

"Yawezekana," alijibu muuguzi, aliyekuja kuchukua gauni lake. "Urithi una sehemu kubwa, na hutoka pande zote mbili. Hata maisha ya tumboni huenda yakachangia. Baadhi ya watoto waliozaliwa wadogo huwahi kidogo kubalehe."

"Mimi nilizaliwa na kilo mbili! Ndiyo sababu?"

"Huenda ndiyo, huenda siyo. Mambo ni mengi. Dalili zikianza kabla ya miaka minane, au zikikosekana hadi kumi na tatu, nendeni zahanati. Ninyi wawili hamna kasoro."

Mchana bibi akamshonea sidiria ya michezo isiyobana. Jumatatu Mshale alikimbia mpaka mwalimu akasahau kupuliza filimbi. Nafasi yake ikabaki yake.

"Sasa sikilizeni," bibi aliwaambia Mshale na dada yake jioni. "Anayewahi hakukosea, na anayechelewa hakukosea. Mwili ukikushangaza, usiufunge. Uliza wanaojua."