Mlango Usiofunguka

Haya yalimkuta rafiki yangu Humphrey, mwalimu wa pale Newala, na mpaka leo hapendi kuulizwa.

Jioni ile mkewe, Imakulata, alibeba ndoo akamwambia, "Baba Careen, pipa limekauka. Nakwenda kupanga foleni bombani, wewe baki na gemu lako."

Lilikuwa gemu la kutisha: chombo kilichopotea angani, na nje yake kitu kisicho na umbo. Humphrey alikuwa ameshasoma maoni ya wachezaji, na karibu wote walilalamika: "Mlango unagongwa tu, haufunguki. Linachosha."

Giza likaingia. Mlango wa chombo ukagongwa. Ngo, ngo, ngo.

Humphrey, mtu aliyelelewa akaleleka, akajikuta ameitikia, "Karibu!"

Mlango ukafunguka. Nje yake giza tupu.

Akacheka kwa woga, akarudi kwenye maoni awasimulie wenzake. Juu kabisa palikuwa na maoni mapya, kwa Kiswahili: "Nimebisha hodi kwa wengi. Mwalimu Humphrey ndiye aliyenikaribisha."

Imakulata alikuwa bado bombani. Kule jikoni, ndani ya pipa lililokauka, kata ikachota maji, na mtu akaanza kunywa.