Betri Mpya ya Metro Sawchyn

Maiti ya Metro Sawchyn ilikutwa ndani ya pikapu yake, nje ya ua wa makaburi, asubuhi ya Krismasi ya kalenda ya kale, Januari saba. Aliyemkuta ni dereva wa greda la theluji. Alidhani mzee amelala. Alipogonga kioo na kuona ndevu zimeganda barafu, akarudi kwenye greda lake na kupiga simu polisi.

Inspekta Marlene Kostiuk alifika pamoja na Konstebo Leon Desjarlais. Upepo wa Manitoba, mkoa huu wa Kanada, ulikuwa umetulia, lakini baridi ilikuwa ile ya kukausha machozi kabla hayajadondoka. Kanisa dogo la kuba za bati lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na nyumba karibu, wala simu haikushika mtandao upande ule.

Daktari wa polisi hakuchukua muda. Hakuna jeraha, alisema. Hakuna damu, hakuna dalili za kupigana. Mzee aliuawa na baridi, jana jioni, si baada ya hapo.

Nyayo zilikuwa zimefukiwa na theluji, lakini pale kaburini kwa marehemu mkewe palikuwa na mshumaa ulioungua nusu na bakuli la ngano yenye asali na mbegu za mpopi. Kumbe mzee alikuja kumletea mkewe chakula cha mkesha.

Boneti ya pikapu ilikuwa wazi.

"Betri imekufa," Desjarlais alisema. "Kazima gari kwa heshima ya makaburi, kurudi likagoma kuwaka. Ajali hii, afande. Masikini wa Mungu."

Marlene aliinama akaisogeza betri kwa kidole. Ilicheza kwenye kikalio chake kama jino bovu.

"Ajali ya betri ya nani?"

"Ya kwake, afande. Si imo kwenye gari lake?"

"Wewe hukukaa mkahawani tangu Oktoba?"

Desjarlais akakumbuka. Mji mzima wa Ozerna ulikuwa umeichoka habari ya betri ya Metro. Mzee alizunguka maduka yote ya wilaya kabla ya kununua. Aliuliza nguvu ya kuwasha kwenye baridi kali, akauliza dhamana, akataka kuonyeshwa tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri iliyokaa rafuni muda mrefu, alisema, ni kama mkate wa juzi unaouzwa kwa bei ya leo. Mwishowe alinunua ile ya bei ya juu. Kila aliyemcheka alielezwa kuwa rahisi inanunuliwa mara nyingi, na nzuri mara moja.

Hii iliyokuwa mbele yao haikuwa mpya. Mbavu zake zilikuwa zimevimba. Vichwa vyake vilikuwa na ukoga mweupe, na mhuri wa kiwandani ulionyesha kuwa ni ya zamani sana. Tena ilikuwa ndogo kuliko kikalio. Lakini ncha za waya zilikuwa zimepigwa brashi zikang'aa.

"Aliyeifunga anajua kazi," Marlene alisema. "Na ameifunga juzijuzi."

"Mwizi basi. Kaiba mpya, kaacha kuukuu."

"Mwizi gani huyo mstaarabu? Mwizi angechukua yake akaacha shimo."

Walipofungua mlango, walikuta mkono wa kulia wa mzee umeshika kitambaa cha jikoni, kimekunjwa mara nyingi kikawa kigumu kama kabari. Kilikuwa na doa jeusi la mafuta ya gari upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na maua mekundu yaliyotariziwa kwa mkono. Marlene alikitazama kitambo, kisha akakitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Metro alikuwa na mtoto mmoja tu, Adeline, dereva wa basi la shule. Marlene alikwenda mwenyewe kumpa habari. Adeline alifungua mlango akiwa amevaa gauni la kanisani. Marlene alimweleza kwa sauti ya chini kwamba baba yake amekutwa amefariki ndani ya gari, makaburini.

Adeline hakulia. Alishika fremu ya mlango.

"Gari liliwaka?" aliuliza.

Marlene alimkalisha kitini, akamchemshia chai, akakaa naye mpaka jirani alipokuja. Njiani akirudi, swali lile halikumtoka kichwani. Wafiwa aliowahi kuwaona huuliza kama marehemu aliteseka. Huuliza nani alikuwa naye. Huyu aliuliza habari za gari.

Lakini kwanza alikwenda kwa Reuben Friesen, mwenye gereji, aliyemuuzia Metro betri. Friesen alikuwa amekwisha sikia. Alikuwa anafuta spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Ulimuuzia mzee betri gani?" Marlene aliuliza.

"Nzuri kuliko zote nilizonazo. Ile isiyoongezwa maji. Mzee alinitesa, Inspekta. Alinifanya niipime mbele yake, halafu akaniambia niipime tena, eti mara ya kwanza nilikuwa nacheka."

"Iliyokutwa garini ni kuukuu."

"Haikutoka kwangu."

"Friesen."

"Nakwambia haikutoka kwangu."

Marlene aliweka picha ya betri mezani. Friesen aliitazama mara moja tu, akageuza uso. Shingo ilikuwa imemwiva nyekundu.

"Watu watasema umemuuzia mzee mzigo chakavu kwa bei ya mpya," Marlene alisema. "Mimi siamini hivyo. Lakini ukinyamaza, nitaandika nini?"

Fundi akakaa kwenye gurudumu. Alichoeleza alikieleza taratibu, macho yakiwa sakafuni. Kabla tu ya sikukuu Adeline alipita gerejini, akaomba betri moja kutoka kwenye lundo la kutupwa. Hakutaka nzuri. Alitaka iliyochoka, isiyoweza kuwasha gari. Friesen alicheka akamuuliza ya kazi gani, naye akasema ya kufundishia watoto shuleni. Akampa bure. Alikuwa na haraka, hakuuliza zaidi.

"Niliipima," Friesen alisema. "Ilikuwa na uhai kidogo. Nilimwambia, hii kwenye baridi haiwashi kitu. Sikumwambia kwamba injini ikiwa ya moto inaweza. Nilisahau, Inspekta. Mimi, fundi mzima. Tangu asubuhi nakiwaza hicho tu."

Desjarlais, aliyekuwa ametumwa nyumbani kwa Metro, alipiga simu wakati huohuo. Waya wa umeme wa kipasha injini ulikuwa bado kwenye plagi ukutani, ncha yake imelala kwenye theluji. Mzee alikuwa ameipasha pikapu moto mchana kutwa, kama kila mtu wa mji ule afanyavyo. Injini ilikuwa laini. Betri mbovu iliweza kuizungusha mara moja, na mara hiyo ilitosha kumfikisha makaburini.

Marlene alirudi kwa Adeline mchana uleule, akiwa na Desjarlais. Jirani alikuwa jikoni, akaombwa atoke kidogo. Mezani kulikuwa na maandazi ya viazi yaliyopoa ambayo hakuna aliyeyagusa.

Inspekta alimsomea onyo la kisheria: kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani, kwamba anayo haki ya wakili. Adeline aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa.

"Betri iko wapi?" Marlene aliuliza.

"Chini, ghalani."

Walishuka. Betri mpya ilikuwa juu ya ubao, mbali na sakafu ya saruji, imefutwa vumbi. Chaja ilikuwa imeunganishwa nayo, taa yake ya kijani ikiwaka.

"Kwa nini umeiwekea chaja?"

"Ikikaa bila chaji inaharibika," Adeline alisema. "Aliichagua kwa taabu sana. Nilitaka nimrudishie nzima."

Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Alilia akiwa amesimama, mikono imening'inia, bila kujifuta. Desjarlais alijifanya anaikagua chaja.

Waliporudi juu, alieleza kila kitu, na Marlene hakuhitaji kumsukuma.

Ilikuwa mwezi wa Novemba. Adeline alikuwa amesimamisha basi kushusha watoto, taa nyekundu zote zinawaka, mkono wa kuzuia magari umefunguka. Pikapu ikatokea mbele, ikapita pembeni bila hata kupunguza mwendo. Kioo chake cha pembeni kilimgusa binti mdogo begani, kikamvua kofia. Mtoto hakuumia. Aliokota kofia yake akavuka. Lakini Adeline alikuwa amemwona dereva.

"Alikuwa baba. Alikuwa anatazama mbele, ametulia, kama mtu aliye peke yake barabarani. Hakuliona basi, Inspekta. Basi la njano, zima. Jioni nikamuuliza amepita njia gani, akanisimulia vizuri, akanieleza mpaka bei ya mafuta. Basi hakulitaja. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na yeye hakujua, au alijua."

"Uliripoti?"

"Sheria inanitaka niripoti. Sikuripoti. Shuleni nilisema namba sikuiona."

Alimwomba baba yake aache kuendesha. Mzee akamjibu kwamba mtu asiye na gari mashambani ni mfungwa, na kwamba amenunua betri ya kumfikisha mbali, hakuinunua aitazame. Alimpeleka kuomba miadi ya daktari wa macho; waliambiwa wasubiri mpaka Machi. Kila asubuhi Adeline aliendesha basi akitazama kioo cha nyuma, akiwaza pikapu ile.

Halafu mzee akasema mkesha wa Krismasi atakwenda kaburini, jua likizama, kama alivyofanya tangu mama afe. Adeline alimwahidi kumpeleka yeye kesho yake baada ya ibada. Mzee akasema chakula cha mkesha hakiliwi kesho.

"Siku moja kabla ya mkesha nikasubiri alale mchana. Nikabadilisha. Betri niliyopewa ilikuwa ndogo, ikawa inacheza. Nikaogopa isije ikagusa chuma ikaleta cheche. Spana nilikuwa nimezifunga kwa kitambaa cha jikoni kwangu, nikakibana pembeni."

"Kwa nini hukuliacha tu gari bila betri?"

"Angejua. Nilitaka adhani ni baridi. Nilitaka alilaumu gari, asinilaumu mimi."

Mkesha ule Adeline alipika tangu asubuhi. Mchana upepo ukaanza kupeperusha theluji, barabara ikawa haionekani. Alipiga simu kumwambia baba kwamba atachelewa kumletea chakula. Haikupokelewa. Akapiga tena, kimya.

"Nikasema amekasirika kwa sababu gari limegoma," alisema. "Nilimwona kabisa kichwani mwangu, amekaa kwenye kiti chake, ananuna. Nikasema kesho tutapatana. Siku nyingine yoyote, Inspekta, ningetoka na hata greda ningekodi. Ningeita watu. Lakini nilikuwa na hakika yuko nyumbani. Mimi peke yangu mji mzima nilikuwa na hakika. Nikalala."

Chini ghalani chaja ilisikika ikivuma.

"Naomba unijibu jambo moja," Adeline alisema. "Alifungua boneti?"

Desjarlais alimtazama mkubwa wake. Marlene angeweza kusema hapana; hilo lisingebadilisha chochote kwenye jalada.

"Alifungua."

"Na kitambaa?"

"Kilikuwa mkononi mwake."

Adeline alifumba macho. Kitambaa kile, alisema, mama yake ndiye aliyekitarizi. Vilikuwa viwili tu. Kimoja kipo jikoni kwa baba, kingine kilikuwa kwake yeye mwenyewe. Baba alipokitoa alijua papo hapo ni mkono wa nani umepita pale.

"Alikuwa amekishikaje?" aliuliza. "Kwa hasira?"

Swali lile halikuwemo katika mafunzo ya polisi. Marlene alifikiri, kisha akasema alichokiona na si zaidi: kwamba mzee hakukitupa kwenye theluji. Alirudi nacho ndani ya gari. Alifunga mlango, akaketi, na kitambaa kikiwa mkononi. Alichokuwa akiwaza, hakuna mtu anayeweza kukisema.

Adeline aliinamisha kichwa. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mezani, viganja juu.

"Nipeleke," alisema. "Andika kwamba nimemuua."

"Nitaandika ulichosema. Shtaka ataamua mwendesha mashtaka."

Desjarlais alianza kumsomea maelezo ili asaini. Alisoma polepole, kwa sauti isiyo na ubaya. Alipofika kwenye miadi ya daktari wa macho, Marlene alimzuia.

"Hapo kuna kitu kimerukwa," alisema.

Adeline aliinua uso. "Hakuna kilichorukwa."

"Ulikuja kituoni Novemba. Uliniuliza mtu afanye nini ili mzee wake anyang'anywe leseni. Nilikuuliza kama kuna tukio lolote limetokea, ukasema hakuna."

"Nilikudanganya. Kosa ni langu. Liache hilo, Inspekta."

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka. Niliiona. Nilikuwa nimeshavaa koti, nakwenda kula. Nikakwambia ulete barua ya daktari." Marlene alivuta pumzi. "Ningekuuliza mara ya pili, ungesema. Sivyo?"

Adeline alimtazama Inspekta, na machoni mwake hapakuwa na lawama, jambo lililokuwa gumu zaidi kulivumilia.

"Ningesema," alijibu. "Nilikuwa nasubiri uulize."

Marlene alivua kofia yake ya manyoya akaiweka mezani kando ya maandazi yaliyopoa. Akamwambia Desjarlais apige simu makao makuu, waletwe wapelelezi kutoka wilaya nyingine, na jalada lisiguswe mpaka watakapofika.

"Na wewe, afande?"

"Mimi siwezi kuendelea na kesi hii," alisema, akivuta kiti upande wa meza aliokuwa ameketi Adeline. "Chukua karatasi mpya, Leon. Uandike maelezo yangu. Mimi ni shahidi."