Pumzi za Msabah

Pua na kinywa cha Msabah vilikuwa vimetulia, lakini pumzi ilikuwa ikisikika.

Bi Riyama aliacha kuchambua mchele, akasogea kitandani. Mumewe alilala tangu adhuhuri, ameegemea mito mitatu. Miaka thelathini ya kuchoma chokaa ilikuwa imemla mapafu, na daktari alikwishasema: akilala, mwili wake husahau kuvuta pumzi. Mashine ya kumsaidia ilikuwa bado inangojwa kutoka bara.

Basi nani aliyekuwa akipumua? Ilikuwa pumzi nzito, ya taratibu, yenye harufu ya udongo wa kisimani, na kila ilipovutwa, kutoka upande wa ukutani pasipo na mtu, kifua cha Msabah kiliinuka nayo, kikashuka nayo, kana kwamba kuna mkono chini yake.

Akamwita Bi Wanu, mganga wa Makunduchi.

"Jini limo," Bi Wanu alinong'ona. "Limemkalia kifuani. Kwanza tuliulize jina na haja yake. Ndiyo ada."

"Usiliulize kitu, bibi," Riyama akamkatiza. " Likishasema haja yake halitoki tena. Litoe tu."

Msabah, aliyeamshwa na sauti zao, akacheka mpaka akakohoa. "Mnatoa nini, nyie? Mwezi huu ndo n'nalala kama mtoto. Kama jini, mpeni salamu zangu."

"Nyamaza, Msabah! Linasikia," Riyama akamkemea.

Aliposinzia tena, Bi Wanu akasoma dua bila kuliuliza neno, akarusha ukutani maji ya makombe, yaliyooshea aya sahanini, na papo hapo chumba kikanuka kisima kizima, pazia likatuna bila upepo, mchele ukamwagika ungoni wenyewe punje kwa punje, na sauti iliyochoka, isiyo na hasira hata chembe, ikasema karibu na sikio la Riyama: "Nilikuwa nikimvutia pumzi. Sasa mvutie wewe."

Harufu ikaondoka. Kifua kikashuka. Hakikupanda.

Riyama akamtikisa, akaamka. Akasinzia, akamtikisa. Hospitali waliwapa mtungi wa hewa warudi nao nyumbani, lakini mtungi haumkumbushi mtu kuvuta. Siku mbili, usiku na mchana, Riyama hakufumba jicho. Msabah alipokuwa macho, alizunguka vyumba vyote akimwita aliyemfukuza, akimwomba radhi, akimwita bwana, akimwita baba. Harufu ya kisima haikurudi.

Siku ya tatu Msabah alilia. "Riyama, n'mechoka. Niache nilale. Kidogo tu."

Riyama alimtazama yale macho yaliyovimba. Akamfuta jasho, akampangia mito, akauondoa begani kwa mumewe mkono uliokuwa ukimtikisa.

"Lala, mume wangu," akamwambia.