Mtumiaji wa Majaribio

Jioni moja mwaka wa tisini na tisa, huko Kayole, rafiki yangu Mativo alikuwa akijaribu ukurasa wa kuingilia tovuti aliyowatengenezea wateja. Kama mtumiaji wa majaribio, alisajili jina la marehemu mkewe, Nzilani.

"Lifute, bwana," mwenzake Mulongo alimwambia akivaa viatu aondoke. "Kesho wateja wakiliona utawaambia nini?"

Alipobaki peke yake akalifuta, kwa uchungu. Papo hapo stima zikapotea, kompyuta ikazimika. Gizani akasikia vitufe vikibonyezwa polepole, kwa kidole kimoja, alivyozoea Nzilani. Hakuthubutu kuwasha kiberiti.

Asubuhi stima ziliporudi, alilisajili jina lile upya. Kabla hajaandika neno la siri, vinyota vya kuficha herufi zake vikaanza kujipanga vyenyewe, kimoja baada ya kingine.