Mguu wa Nne

Muigai alikuwa mtu wa kulisalimia gari kabla hajamsalimia mke wake. Asubuhi ile alitoka na kikombe cha chai, akalifunua turubai, akakuta magurudumu ya mbele yamepinda, yanaangalia kibanda cha mbwa. Jana yake aliyaacha yamenyooka, hilo angeliapia mbele ya kanisa zima. Na usukani wa Mustang ile kuukuu ulikuwa mzito ajabu. Gari likiwa limesimama, haukugeuka mpaka mwanamume auvute kwa mabega yote mawili.

Akanusa. Kulikuwa na harufu ya mpira ulioungua, na ndani yake harufu ya udi. Katika boma lao pale Mwiki hakuna aliyewahi kufukiza udi. Alidhani ni Gachau, shemeji yake aliyekaa chumba cha uani, amejipaka manukato mapya ya kuwavutia wasichana wa Juja. Akazipangusa rimu zake kwa kitambaa laini, akaenda kazini.

Kesho yake mbwa alikuwa amekufa. Mbavu zilikuwa zimelala bapa, ulimi umetoka wote, lakini kibanda chenyewe hakikuvunjika hata ubao mmoja, na lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

Sasa ngoja niseme habari za hizo rimu, maana balaa lote liliingilia hapo. Gari lilikuwa la marehemu baba yake Muigai. Lilikaa miaka chini ya mparachichi, kuku wakitaga kwenye viti, mpaka Muigai akaapa kulifufua. Injini ikanguruma, rangi nyekundu ikarudi, kikabaki kitu kimoja, miguu. Rimu za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu. Akajaribu za gari la Kijapani. Matundu matano ya nati yaliingia vizuri, lakini gurudumu likazama ndani mno, tairi likasugua springi kila akikata kona. Akaleta pana zaidi, zikatokeza nje ya madigadi, na gari likaonekana limevaa viatu vya mtu mwingine. Kila mwenye mdomo pale Ruiru alikuwa na ushauri. Muigai hakutaka ushauri, alitaka zile za mikono mitano inayotoka katikati, kama alizokuwa nazo baba yake.

Alizipata Thika, upande wa Makongeni, kwa Idarous, mzee mpole wa kofia na miwani aliyeuza spea za magari yaliyovunjwa. Zilikuwa nne, zimefanana, zinang'aa. Idarous akamwuzia tatu. Ya nne ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mnyororo, na hiyo hakutaka hata kuizungumzia.

Muigai alibembeleza, akaja juu, akabembeleza tena. Mzee akamweleza kwamba pale kwao, gari lililomuua mwenye gari halitoki na miguu yake minne. Mmoja hubaki. Wote katika safu ile ya vibanda walifanya hivyo, Mkristo na Mwislamu, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Mwenye rimu hizi alilifungia gari lake jini la ulinzi, jini likalinda weee, halafu likammaliza yeye na wa nyumbani kwake. "Likiwa na magurudumu matatu limelala," Idarous alisema. "Weka la nne la namna nyingine, utaendesha salama."

La namna nyingine! Kwenye gari kama lile! Muigai alirudi nyumbani amenuna, na wiki haikuisha kabla hajamtuma Gachau. Gachau alikwenda Ijumaa, saa ambayo Idarous yuko msikitini na mkewe Fatu ndiye ameketi dukani. Fatu alikuwa ameolewa juzijuzi, mwenyeji wa mbali, hajui mambo ya pale. Gachau akampa heshima zote, mama huku, mama kule, akamwambia mzee mwenyewe ndiye ameruhusu, na kwamba rimu inakwenda kuzungushiwa mpira wa kumwagilia maji bustanini. Fatu akafungua mnyororo kwa mkono wake, na gari la Muigai likapata mguu wa nne.

Baada ya mbwa akafuata mbuzi. Magurudumu yalikesha yanaangalia zizi, na asubuhi mbuzi alikuwa amelala chini, amepondwa kiuno. Becky, mke wa Muigai, alisema ni wezi. Alisema hivyo huku ameshika rozari, na tangu siku hiyo hakupita mbele ya lile gari. Alizunguka nyuma ya nyumba hata akiwa na ndoo ya maji. Muigai yeye alikuwa ameanza kusikia sauti. Tik, tik, tik, kama chuma kinachopoa baada ya safari ndefu. Akagusa boneti, ilikuwa baridi.

Halafu, Ijumaa, akafunua turubai na kukuta magurudumu yamepinda kulia, yote mawili, kuelekea dirisha lenye pazia la vipepeo. Ndani ya dirisha hilo alilala Lynn, binti yake wa pekee, mtoto wa miaka sita.

Alikimbilia simu. Akampigia Idarous, akaungama yote. Mzee hakumtukana, na afadhali angemtukana. Alizungumza polepole.

"Toa gurudumu moja, Bwana Muigai. Lolote. Sasa hivi, usingoje kesho. Mimi nitakuja kulichukua."

"Jumapili kuna maonyesho ya magari ya zamani huko kwenu, mzee. Jioni yake nitalitoa."

"Una mtoto?"

Muigai akakata simu.

Lakini alikuwa baba, si mnyama. Alileta jeki, akalegeza nati, akalitoa gurudumu moja la mbele na kulitia lile la Kijapani. Kisha akarudi nyuma mpaka langoni ili alitazame gari. Loo! Upande mmoja ulikuwa umezama, unachechemea, gari la kuchekwa hilo. Akawaona watu wa maonyesho wakinong'onezana. Akamwona baba yake. Alisimama pale langoni mpaka jua likapanda juu, akifikiri, na alichokifikiria hakikuwa mtoto, Mungu amrehemu. Kisha akalirudisha lile la mikono mitano na kukaza nati, moja baada ya nyingine, kwa nguvu.

Alijiambia ameshaelewa namna ya kulidanganya jini. Linakwenda linakoelekezwa, si ndiyo? Basi alielekeze kwingine. Akaingia, akavuta usukani kwa mabega, magurudumu yakaangalia lango na barabara tupu. Mpaka jua linakwenda chini yalikuwa yamerudi kwa Lynn. Akayageuza kuelekea ukuta wa mawe, akaingia kunawa mikono, akitoka yanamwangalia Lynn. Mahali pasipo na uhai hayakupataka.

Jumamosi jua likizama, Muigai aliketi tena kwenye kile kiti cha dereva cha upande wa kushoto, cha Kimarekani, na safari hii alijua anachokifanya. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na nyumba ndogo ya mama yake, Wakonyo. Nyonga yake ilivunjika mwaka juzi, na tangu hapo alilala kando ya dirisha. Muigai aliuvuta usukani kidogo, akaacha, akauvuta tena huku akihesabu moyoni miaka aliyokula yule mama, na maumivu aliyonayo, na dawa zisizomsaidia, na jinsi yeye mwenyewe alivyosema mara nyingi kwamba amechoka na anataka kumfuata mumewe, na kila hoja ilipoingia usukani uliingia nayo, mwepesi, mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa, kana kwamba kuna mikono mingine chini ya mikono yake inayomsaidia, mpaka magurudumu yote mawili yakasimama sawasawa mbele ya lile dirisha. Na dirisha likafunguka.

"Umenigeuzia niyaone?" mama yake akauliza.

Muigai akaondoa mikono kwenye usukani.

"Nimekuwa nikimwomba Becky anitoe nje niyaone, hasikii. Yamelipendeza, mwanangu. Ni kama yale ya baba yako." Bibi kizee akatabasamu, akapangusa macho kwa ncha ya leso. "Ngai akubariki. Acha hivyohivyo, usiligeuze, niamke nikiyaona."

"Sawa, maitu," akasema Muigai.

Harufu ya udi ilikuwa nzito kiasi cha kuliwa.

Alfajiri alikwenda kuchungulia. Dirisha lilikuwa wazi bado. Mama yake alikuwa kitandani, na blanketi lilikuwa limelala bapa mno juu ya kifua, bapa kama lile godoro. Macho yalikuwa wazi, yanaangalia nje. Muigai alilifunga dirisha taratibu. Angeweza kumwita Becky. Angeweza kupiga yowe, majirani wakaja, na siku ikawa siku ya msiba. Badala yake alivaa shati lake jeupe, akasukuma gari mpaka nje ya lango ili injini isimwamshe mtu, akaenda Thika.

Wacha niseme ukweli, gari lilipendeza siku ile. Watu walichuchumaa kando ya magurudumu, wakapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na madigadi, wakasema hapo ndipo mtu anajua kuchagua. Alipewa kikombe cha ushindi. Simu ilikuwa ikitetema mfukoni tangu saa tatu, Becky, Becky, Gachau, Becky, naye akashikana mikono na watu na kupigwa picha.

Aliporudi, uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wa kanisa walikuwa wameshawasha moto wa chai. Becky alimtazama, akatazama kile kikombe kwenye kiti, akamgeuzia mgongo. Na kwenye benchi kando ya lango alikuwa ameketi Idarous, na spana ya magurudumu mapajani, amekuja mwenyewe kutoka Thika.

Mzee hakuomba ruhusa. Alipiga jeki, akatoa gurudumu moja la mbele huku akisoma aya kwa sauti ya chini, akalifunga kwa shuka jeupe. Gari likabaki limeinama juu ya kigogo cha mti. Muigai akashusha pumzi. Imekwisha, akasema moyoni. Lynn wangu amepona.

Tik, tik, tik.

Gurudumu la mbele lililobaki likapinda, polepole, changarawe zikilia chini yake, hakuna mtu ndani ya gari. Likapita wanawake wa chai. Likasimama kwa pazia la vipepeo. Idarous akaacha kusoma. Akamtazama Muigai kwa muda, na kile kilichokuwa usoni mwake hakikuwa hasira, kilikuwa kinyaa.

"Uliligeuza kwa mkono wako?" akanong'ona. "Ukamwelekezea mtu?"

Muigai akainamisha kichwa.

"Lilikuwa jini lisilo na bwana. Linajipapasia tu, na ungelikata mguu lingelala. Sasa lina bwana, wewe. Hata ukiliacha na gurudumu moja litatambaa. Ukichoma gari litakaa kwenye majivu. Kila likisikia njaa litakuuliza, na usipojibu litakwenda lilikotaka tangu mwanzo." Akalipakata lile furushi jeupe. "Sina dawa ya hiyo, ndugu yangu. Sidhani kuna mtu anayo."

Akaondoka, na hakuaga.

Walimzika Wakonyo Alhamisi. Jioni hiyo, watu wa mwisho wakikunja viti, Muigai aliingia kwenye gari lake lililoinama, akaketi, akashika usukani. Kupitia kioo aliona pazia la vipepeo, na kivuli cha mtoto anayeruka juu ya kitanda. Usukani ulikuwa na joto la mwili. Ulikuwa unangoja.

Gachau akatoka jikoni na vikombe viwili vya chai. Alikuwa amelia siku nzima, yeye aliyempenda yule bibi kuliko wajukuu.

"Baba Lynn, kuja unywe kitu," akasema. "Usikae peke yako."

"Niletee hapa," Muigai akamjibu. Akaanza kuuvuta usukani, wala haukuhitaji mabega, kidole tu. "Pitia hapo mbele, Gachau. Hapohapo. Simama kidogo, hebu niangalie kama taa zinawaka."

Gachau akasimama mbele ya gari na vikombe vyake mkononi, akitabasamu kidogo, akingoja taa.