Vitambaa Vyote Mfukoni

Asubuhi ile haikuwa na baya lolote. Mpima miti, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alikuwa amechuchumaa mbele ya hema akichemsha chai kwenye jiko dogo la gesi, na ndani ya hema mdogo wake alikuwa akilalamika kama kawaida yake. Mdogo huyo tulimwita Kijiko, kwa kuwa hata akienda msibani hakosi kijiko mfukoni.

"Kaka, hiyo chai unaichemsha au unaipigia magoti?"

"Nyamaza wewe. Mtu wa mguu mmoja hana haki ya kuharakisha watu."

Wakacheka. Mguu wenyewe ulikuwa umevimba tangu jana yake, Kijiko alipoteleza kwenye mizizi wakiwa wanapima unene wa mti. Ilikuwa siku yao ya sita ndani ya msitu, mwendo wa saa saba kutoka barabarani, mahali ambapo simu ni tochi tu. Ikaamuliwa kaka mtu aende kutafuta watu wa machela. Alimwachia mdogo wake maji, mikate mikavu na redio moja ya mkononi, ya kuitana. Nyingine akaichukua yeye.

"Kesho mchana niko hapa na watu. Usitoke kwenye hema."

"Nitoke niende wapi, dansini?"

Wapima miti hawaingii msituni kienyeji. Kila wanapokata kona hufunga kitambaa chekundu kwenye tawi, ili njia ya kurudi ijulikane. Na sheria ya ofisi yao ilikuwa kali: ukitoka unafungua vyote, msitu uachwe kama ulivyokutwa. Kaka alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Mkono wake ulikuwa unafungua mafundo wenyewe, kichwa kikiwaza mambo mengine.

Siku hiyo kichwa kilimwaza mama yao. Kijiko ndiye kitinda mimba, na mama alimruhusu kuingia msituni kwa sababu moja tu, kwamba anakwenda na kaka yake. Atamweleza nini kuhusu huo mguu? Akatembea akipanga maneno, akipiga mluzi kujipa moyo.

Alifika barabarani saa tisa alasiri, jasho likimchuruzika. Akaingiza mkono kwenye koti kutafuta leso. Akatoa kitambaa chekundu. Akatoa kingine. Mifuko yote minne ilikuwa imejaa.

Akakaa palepale kwenye changarawe. Njia ya kumrudia mdogo wake alikuwa ameifuta kwa mikono yake mwenyewe, fundo kwa fundo, na hakuna aliyemtuma. Alijichukia kama ambavyo hajawahi kumchukia mtu. Akageuka nyuma. Hata pale alipotokea hakupatambua.

Akashika redio.

"Mdogo wangu, unanisikia?"

Ikakwaruza kidogo. "Nakusikia. Kuna nini?"

"Nimefanya kosa kubwa. Nitachelewa kurudi. Usiogope, ila nitachelewa."

Kijiko akacheka. "Acha utani, Kaka. Si umesharudi? Uko hapo nje unachemsha chai."

Akaibana redio sikioni.

"Kijiko," akanong'ona. "Mimi niko barabarani."

Redioni akasikia kikombe kikiwekwa juu ya jiwe. Kisha mluzi. Wimbo ulikuwa uleule aliokuja akiupiga njia nzima.

"Usifungue zipu. Unanisikia? Usifungue."

Kijiko naye akashusha sauti. "Lakini ni wewe. Nakuona kivuli."

Zipu ikalia, taratibu, kutoka chini mpaka juu. Redio ikanyamaza.

Waokoaji walikuja kesho yake, watu kumi na wawili. Walizunguka siku tisa. Kila mti ulifanana na mwenzake, na mara mbili walijikuta wamerudi barabarani bila kujua wamegeukia wapi. Kaka hakuiachia redio. Aliita asubuhi, akaita mchana, akaita mpaka usiku. Siku ya tatu alishindwa kujizuia. Alilia redioni mbele ya wanaume wazima, akimwomba mdogo wake ajibu, hata neno moja tu.

Hakujibiwa.

Siku ya kumi wakaliona hema. Zipu imefungwa. Nje, vikombe viwili. Ndani hamkuwa na mtu. Mikate haikuguswa. Bendeji ya mguu ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya mto. Nyayo hazikuwepo, za kuingia wala za kutoka.

Mkuu wa msafara aliokota daftari la vipimo, akasoma, akalifunga haraka. Alitaka kulitia kwenye begi lake. Kaka akamnyang'anya.

Chini ya hesabu za miti kulikuwa na mwandiko wa Kijiko.

*Jumanne. Kaka amerudi mapema, kumbe hakufika mbali. Kuna mtu ananiita redioni kwa sauti yake. Kaka amesema nisimjibu.*

*Jumatano. Anaita tena. Anajua mpaka jina la mama. Kaka anacheka tu.*

*Alhamisi. Mguu hauumi. Sina njaa, chai anayonipa Kaka inatosha. Yeye hali kitu. Ananitazama.*

*Ijumaa. Kaka anasema kesho tunaondoka, ipo njia anayoijua yeye. Yule wa redioni leo amelia sana. Nilimwonea huruma, nikataka kumjibu. Kaka akanikumbatia mpaka yule aliponyamaza.*